Msichana wa Kwenye Bango Aliyetaka Kuhama Chuo

Wenzangu wengine wamestaafu baada ya kujenga barabara na hospitali. Mimi nimestaafu baada ya kuwatoa watu chuoni. Nilikaa miaka ishirini na tatu katika ofisi ya usajili ya chuo kimoja chenye jina hapa Kigali. Jina lenyewe silitaji, maana bado nakula pensheni yao. Dawati langu lilikuwa la wanaohama. Ukitaka kuingia chuoni ulipokelewa dirisha la mbele, kwenye kiyoyozi na maua ya plastiki. Ukitaka kutoka ulinifuata mimi mwisho wa korido, mlango unaotazamana na choo. Wanafunzi waliniita Mama Kwaheri. Jina nililobatizwa ni Espérance, ambalo kwa Kifaransa ni Tumaini, kwa hiyo mnaona Mungu naye hupenda utani.

Haya nawaandikia nyie mlio kwenye chuo ambacho mtaa mzima unawaonea wivu, na bado mnaamka asubuhi mkiomba mpate malaria kidogo tu, ya kuwazuia kwenda darasani. Najua mpo. Nimewahudumia.

Wala hamkuwahi kuingia mkasema, "Mama, nataka kuhama." Hata mmoja. Mliingia kuazima stepla. Mnasimama hapo mnaigeuza stepla kama mtu anayetaka kuinunua, mnauliza hali ya watoto wangu, mnauliza kama mvua itanyesha, halafu ghafla machozi. Nilinunua stepla tatu kwa ajili hiyo tu. Karatasi za kubana sikuwa nazo nyingi kiasi hicho.

Kazi nilifundishwa na Mzee Callixte, msajili aliyesomeshwa na mapadri, mtu mwembamba aliyefunga tai hata Jumamosi akienda kununua mkaa. Siku yangu ya kwanza alinikabidhi mhuri, wino, na swali moja.

"Madamu," aliniambia, "mtoto akija kuhama, usimuulize kwa nini. Ukimuuliza kwa nini atakupa hotuba aliyoifanyia mazoezi bafuni. Muulize jana mchana alikula na nani."

Nilidhani mzee amechoka. Nikaja kuona kwamba swali lile lilikuwa na thamani kuliko fomu yote ya kurasa nne. Mwanafunzi aliyekula na marafiki wakacheka mpaka soda ikampanda puani, huyo hana shida na chuo, ana shida na somo, na somo linabadilishwa bila kubeba godoro. Aliyekula peke yake nyuma ya maktaba, huyo atakula peke yake hata ukimpeleka chuo cha mbinguni, mpaka mtu amsaidie kwanza kupata watu. Na yule aliyesema hakumbuki mara ya mwisho alikula lini, nilifunga fomu, nikamshika mkono nikampeleka zahanati mwenyewe, mambo ya kuhama yakangoja.

Mzee Callixte alikuwa pia na droo aliyoiita friji. Kila fomu ya kuhama iliingia friji siku kumi na nne kabla ya kuguswa. Kanuni ya chuo haikusema hivyo, alijitungia. Mkurugenzi alipouliza kwa nini tunachelewa, mzee alijibu kwa Kifaransa kirefu mpaka Mkurugenzi, aliyesomea Kampala, akaona aibu kukiri kwamba hakuelewa kitu. Wengi walirudi kabla ya siku kumi na nne kuomba fomu zao. Ilikuwa mtihani mbaya, au mpenzi mbaya, au mwenza wa chumbani anayekoroma. Siku hizi mnabofya kwenye simu mkiwa kwenye basi la Kacyiru, na kabla hamjashuka mmeshatoka chuoni. Mashine haina friji. Jitengenezeeni yenu.

Mimi friji niliidharau, na hapo ndipo nilipomwumiza mtu. Alikuwa kijana anaitwa Olivier. Alikuja mwezi wangu wa tatu kazini, Mzee Callixte akiwa likizo, nami nikitaka kuonyesha kwamba ofisi inaweza kwenda haraka. Olivier aliniambia chuo kingine kimemkubali. Nikagonga mhuri siku hiyo hiyo. Nilijisikia kama daktari wa upasuaji. Kumbe alichokuwa nacho si barua, ni maneno ya mtu aliyekutana naye kwenye harusi. Chuo kile kikasema nafasi zimejaa, rudi mwakani. Chetu kikasema umeshatoka, nafasi yako imepewa mwingine. Mwaka mzima akabeba maboksi kwenye ghala huko Masoro.

Nilikutana naye siku moja kwenye foleni ya benki. Nilitaka kujificha nyuma ya mama mmoja mnene, akaniona.

"Mama, sikulaumu," alisema kwa adabu iliyoniuma kuliko tusi. "Lakini ungeniomba tu hiyo barua, ningejua sina."

Tangu siku ile hakuna aliyepata mhuri wangu bila kuniwekea mezani barua ya huko anakokwenda, na karatasi ya pili inayotaja, somo kwa somo, watakayoyakubali na watakayoyakataa. Walinichukia sana. Nililala vizuri.

Sasa Hadidja.

Hadidja alikuwa mwaka wa pili, uchumi, alama za juu kabisa. Nilimjua kabla hajaingia ofisini kwangu, maana kila mtu alimjua: chuo kilikuwa kimempiga picha kikamweka kwenye bango getini, kubwa kama ukuta wa nyumba, anatabasamu, amekumbatia vitabu ambavyo baadaye aliniambia vilikuwa katalogi za vigae, vitabu vyenyewe vilikuwa vimefungiwa. Alivaa koti la bluu aliloshonewa na baba yake. Baba yake, Mzee Radjabu, ni fundi cherehani Nyamirambo, na kila Jumapili alipanda mlima na mteja mmoja au wawili kuwaonyesha bango. Alisema anawaonyesha mshono wa bega. Tulimwacha aseme hivyo.

Basi siku moja Hadidja akaingia ofisini kwangu kuazima stepla.

"Jana mchana ulikula na nani?" nikamuuliza.

Akababaika. "Na Mama Beata."

"Huyo ni mwalimu?"

"Oya, si mwalimu, Mama. Ana ng'ombe watatu, bondeni, nyuma ya ukuta wa chuo. Huwa napita kwenye kile kijilango cha watunza bustani. Nakula kwake kila siku."

"Unakula nini?"

"Viazi. Lakini si chakula kinachonipeleka, Mama. Mwezi uliopita mmoja alizaa, ndama akakaa vibaya, daktari wa mifugo akachelewa, tukamvuta mimi na Mama Beata. Nilikuwa na mtihani wa takwimu saa nane. Niliingia na blauzi ina damu."

"Ukafaulu?"

"Nilikuwa wa kwanza," alisema, kwa unyonge wa mtu anayekiri wizi. "Ndiyo shida yenyewe. Kila nikifaulu wananiambia unaona, hapa ndipo pako. Nikiwa darasani nahisi nimevaa viatu vya mtu mwingine, na kila mtu anavisifu."

Alitaka kuhamia chuo kidogo cha mifugo huko Mashariki, upande wa Nyagatare. Nami, nawaambieni ukweli, nilitaka kucheka. Mtoto wa fundi wa Nyamirambo, aliyekua juu ya lami, ambaye ng'ombe aliyemjua utotoni ni yule wa kwenye pakiti ya maziwa! Nikachukua fomu nikaiweka friji, nikijua kabisa ataifuata Ijumaa.

Hakuifuata. Aliyekuja Ijumaa ni baba yake, futi ya kitambaa bado inaning'inia shingoni, pini nne kwenye ukosi.

"Mama," alisema kabla hajakaa, "mtoto yangu iko na akili kama umeme. Watu wa Kimihurura wanapeleka watoto yao hapa kwa magari ya vioo vyeusi. Mimi nilimleta kwa miguu, akaingia, akawapita wote. Sasa ananiambia ng'ombe. Ng'ombe, Mama! Sisi iko watu ya sindano. Babu yangu alikuja hapa na kitambaa begani, hakuja na fimbo."

"Muzehe, karibu kiti."

"Sitaki kiti. Nataka hiyo fomu ipotee. Wewe iko mzazi, unaelewa. Karatasi inapotea kila siku katika ofisi za watu."

Na hapo, wanangu, nilijaribiwa, kwa sababu asubuhi ile Mkurugenzi alikuwa ameniita kuniambia kitu kile kile kwa Kiingereza kizuri zaidi. Alisema Hadidja hawezi kuhama. Nikauliza kanuni ipi inamzuia. Akasema, "Espérance, yuko getini." Nikasema twaweza kuweka picha ya mwingine. Akanieleza bango limelipiwa hadi mwakani. Kwa hiyo maisha ya binti yalikuwa yamefungwa na mkataba wa bango. Mzee Callixte wakati huo alikuwa ameshastaafu, hakukuwa na wa kunisaidia na Kifaransa.

Nikamwambia Mzee Radjabu, "Fomu haitapotea. Niliwahi kumpoteza kijana mmoja kwa haraka yangu, sitampoteza mwingine kwa ujanja wangu. Ila mhuri sigongi mpaka aende akakione hicho chuo. Na wewe uende naye."

"Mimi? Nyagatare? Kufanya nini?"

"Kupima. Si ndiyo kazi yako?"

Alinitazama kama mtu aliyechomwa na pini yake mwenyewe.

Tulikwenda Jumanne, sisi watatu, mimi nikiwa nimechukua siku moja ya likizo. Jumanne niliichagua kwa makusudi. Msikubali hata siku moja kwenda kutazama chuo siku ya maonyesho. Siku ya maonyesho hata choo cha shetani hunukia ndimu. Nendeni siku ya katikati ya wiki, bila kutoa taarifa, mvua ikiwa imenyesha, mkaombe kuona jikoni na mabweni.

Mvua ilikuwa imenyesha kweli. Basi kutoka Nyabugogo lilitushusha barabarani, tukatembea kwenye tope, Mzee Radjabu akiwa na viatu vyeusi vyenye ncha. Bwenini maji hayakuwa yanatoka tangu juzi yake. Maktaba ilikuwa chumba kimoja chenye kompyuta sita, mbili zikiwa zimezimika. Nilimwona Hadidja akihesabu kimoyomoyo. Baba yake naye alihesabu, ila kwa sauti.

"Kompyuta mbili hapana. Maji hapana. Dirisha iko na kioo nusu." Aligeuka kwangu. "Mama, ulitaka nipime. Napima."

Akatokea mwalimu mmoja, mwanamke wa makamo mwenye gambuti na ovaroli la kijani, akatuuliza sisi ni nani. Nikamweleza. Hakusema karibuni sana, hakutoa kijitabu chenye picha. Alimtazama Hadidja kuanzia koti la bluu hadi viatu, akamuuliza, "Umewahi kuingiza mkono?"

"Wapi?"

"Kwa ng'ombe. Kupima mimba."

"Oya, bado."

"Basi vua hilo koti."

Hadidja akavua koti akampa baba yake. Akavishwa glavu inayofika begani. Ng'ombe alikuwa amesimamishwa kati ya miti, anatafuna, hana habari na sisi. Mwalimu akamwelekeza polepole: sukuma, subiri, usipigane naye, sasa geuza kiganja. Hadidja akafunga macho. Mzee Radjabu ameshika koti kama mtoto mchanga, uso umekunjamana. Ghafla binti akafungua macho, akasema kwa sauti ndogo, "Kipo. Kinaelea. Baba, kiko hapa, kidogo kama panya, kinaelea."

Nimeona wanafunzi wakipokea shahada kutoka kwa mawaziri. Sijawahi kuona uso ule.

Mwalimu akasema wengi huchukua wiki nzima kuhisi hivyo. Kisha, kwa ukavu ule ule, akatupeleka ofisini akatoa karatasi: kati ya masomo yote ya Hadidja, watakubali mawili. Takwimu na Kiingereza. Mengine yote aanze upya, mwaka wa kwanza, na watoto waliotoka sekondari juzi.

Hilo lilimpiga. Njia nzima ya kurudi alikaa dirishani akiisoma na kuisoma ile karatasi. Baba yake alikaa upande mwingine wa basi, kimakusudi. Mimi nilikaa katikati na mfuko wa ndizi ambao hakuna aliyetaka.

Siku mbili baadaye Hadidja akaja ofisini akaomba fomu yake. Nikaitoa friji nikampa. Akaishika muda mrefu.

"Ungekuwa wewe, Mama?"

Hilo swali ndilo lililo baya kuliko yote katika kazi ile, na jibu langu lilikuwa moja kila siku. "Mimi si wewe, mimi nataka kustaafu. Ukibaki, utamaliza baada ya mwaka na nusu, utapata kazi, utakuwa na jina la chuo hiki mgongoni na milango mingine itafunguka, usimsikilize anayekwambia haifunguki. Ukienda, unapoteza karibu miaka miwili na maji ya bomba. Hivyo ndivyo vilivyo mezani. Sasa niambie unachoogopa."

"Naogopa baba asinisemeshe tena."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe siwaogopi."

"Chuo kile?"

"Kile ni kibaya, Mama. Nimekiona. Bado nakitaka."

Niliwahi kuwa na watu mia waliotaka kuhama kwa sababu chuo cha pili, vichwani mwao, kilikuwa pepo. Huyu alikuwa wa kwanza kukiona kina matope na kompyuta mbovu, akakitaka hivyo hivyo. Nikajua fomu imeshapoa, na yeye hajapoa.

Kulikuwa na mstari wa sahihi ya mzazi. Kisheria hakuuhitaji, alikuwa mtu mzima. Nikamwambia. Akasema bila sahihi haondoki. Akaenda nayo Nyamirambo.

Wiki ikapita. Jumatatu Mzee Radjabu akaja mwenyewe. Safari hii alikaa. Akatoa fomu mfukoni, imekunjwa mara nne, akaiweka mezani, na juu yake akaweka kifurushi cha gazeti. Ndani mlikuwa na ovaroli la kijani, jipya, mishono miwili miwili kila mahali.

"Lile la mwalimu," alisema, "liko shonwa vibaya kwapani. Mtu anainua mkono vile, saa nzima, linapasuka. Nimeweka kipande cha ziada hapa. Unaona? Mkono unapanda mpaka juu bila kuvuta."

"Naona, Muzehe."

"Sijafurahi, Mama."

"Najua."

"Usiandike mahali kwamba nimefurahi."

Nimeandika hivyo alivyosema. Alikuwa ametia sahihi.

Niligonga mhuri Jumatano asubuhi, barua ya kukubaliwa na karatasi ya masomo zikiwa mezani. Mkurugenzi alininunia muhula mzima. Bango lilibaki hadi mkataba ulipoisha, na kwa miezi mingi chuo kikajitangaza kwa sura ya mtu aliyekikimbia. Mzee Radjabu aliendelea kuleta wateja Jumapili. Safari hii, nilisikia, alisimama chini ya bango akisema, "Huyu aliona hapa hapamtoshi," na uongo ule ulikuwa mtamu kiasi kwamba sikuona sababu ya kumsahihisha.

Mwaka huu, baada ya chuo kuniaga kwa keki na saa ya ukutani isiyotembea, nilipanda basi kwenda kumtembelea Hadidja. Anafanya kazi na chama cha wafugaji. Hana gari la vioo vyeusi. Ana pikipiki yenye boksi la dawa nyuma, ana kovu la pembe mkononi, na nywele zake zinanuka maziwa. Nilimkuta zizini, glavu hadi begani, hakuweza kunipa mkono, akanipa kiwiko nikakisalimia.

Nikamuuliza kama mtu asiye na haya aulizavyo: alijuta?

Alikuwa anatafuta kitu ndani ya ng'ombe.

"Muhula wa kwanza, kila siku," alisema. "Nilikuwa nalia bwenini, natafuta kazi za wenzangu wa zamani kwenye simu, nahesabu nilichopoteza. Nilikuwa najiuliza asubuhi na jioni. Muhula wa pili pia. Halafu kuna siku, Mama, nilikuwa na kazi nyingi, nikasahau kujiuliza."

Nikataka kusema jambo la hekima. Nimestaafu, watu wanategemea. Lakini ng'ombe akaanza kurusha mguu.

"Mama," akasema Hadidja, "acha mkoba wako hapo, shika mkia."

Nikashika.